Nafasi Moja Mtumbwini

Jina la Hafsa lilitoka gazetini. Gazeti lenyewe lilifika Mohoro likiwa limeshapitwa na siku kadhaa, limeletwa na dereva wa lori la mpunga, na mwalimu mkuu ndiye aliyelisoma kwanza. Alikatiza uwanja wa shule mbio mbio huku amelinyanyua juu, akamkuta Hafsa anafundisha hesabu darasa la nne.

"Mwalimu, umechaguliwa! Chuo kikuu!"

Watoto wakapiga makofi bila kujua wanachopigia. Hafsa alisoma jina lake, akalisoma tena, halafu akaona jambo ambalo mwalimu mkuu hakuliona kwa furaha. Chuo kilikuwa kinafunguliwa wiki ile ile, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa.

Alikuwa amesomea kidato cha sita nyumbani, kwa kibatari, baada ya kazi, na mtihani wa mwisho aliufanya akiwa na mimba kubwa, amekaa upandeupande kwa sababu dawati lilimbana. Sasa mtoto, Yasmini, alikuwa hajatimiza mwaka. Mumewe, Swalehe, aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale sokoni, hakuwa mtu wa kuzuia mambo. Walikwisha kupanga zamani: siku ikifika, atawapeleka wote wawili Dar es Salaam, mtoto akae kwa shangazi yake Mbagala, Hafsa awe anatoka chuoni kwenda kumnyonyesha kila apatapo mwanya.

Mama yake Swalehe, Bi Kijakazi, alisikiliza mpango huo akiwa anapeta mchele, hakunyanyua uso.

"Mto ukijaa hata samaki hujificha," alisema. "Ninyi ndio mnatoka."

Ulikuwa mwaka wa elinino. Mvua zilikuwa zimeanza kabla ya wakati wake na hazikuonyesha dalili ya kuchoka. Hata hivyo waliondoka asubuhi, juu ya magunia ya mpunga, wamejifunika turubai. Humo turubaini walimkuta Muhidini wa Chumbi, mtu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi. Biashara yake ilikuwa kupeleka mikeka ya ukindu Dar es Salaam na kurudi na mitumba. Tangu biashara zilipofunguliwa, alisema, watu wa Chumbi walikuwa wanavaa majina ya timu za mpira za Ulaya bila kuzijua. Alimchezesha Yasmini kwa kofia yake mpaka mtoto akapaliwa na kicheko, na lori liliponasa alikuwa wa kwanza kuruka chini kusukuma.

Walipofika Ndundu, pantoni lilikuwa limefungwa kwa minyororo ufukweni. Mto Rufiji ulikuwa umetoka katika nyumba yake. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita kwa kasi yamebeba magogo, migomba mizima na paa la kibanda cha mtu. Malori na mabasi yalikuwa yamepanga foleni tangu juzi yake, na mama lishe walishajenga vibanda.

"Litavuka lini?" Swalehe alimuuliza mfanyakazi wa pantoni.

"Yakipungua maji."

"Yatapungua lini?"

Yule mtu akamtazama kama aliyeulizwa siku ya kiyama.

Kando kidogo, penye matete, mzee mmoja aliyeitwa Mwinyimvua alikuwa anavusha watu kwa mtumbwi mkubwa. Alikuwa havushi ovyo. Aliyatazama maji kwa muda mrefu kabla ya kila safari, akachagua watu mwenyewe, akawapanga mwenyewe. Hafsa alipomfikia na mtoto mgongoni, mzee alitikisa kichwa kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nitakuvusha. Mtoto simvushi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Mtu mzima akianguka hugombana na maji. Mtoto hagombani."

Hafsa alirudi kwa mumewe. Swalehe alikuwa amekwisha sikia, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi turudi, Mama Yasmini. Lori linageuza saa hii hii. Mwakani utakwenda."

"Mwakani watakuwa na majina mengine, Baba Yasmini."

"Mungu hakupenda. Tazama mwenyewe maji yale."

"Nimeyatazama."

"Na huyu je?"

Hafsa aliikaza kanga ya mtoto mgongoni. Matiti yalikuwa yamemjaa, yanauma. Mtoto alikuwa amecheza na kulala njia nzima bila kunyonya.

"Ameshaanza uji," alisema. "Mama yupo. Nikishajiandikisha tu, maji yakipungua, utamleta Mbagala."

"Hafsa."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mtoto azaliwe. Walisimama wakitazamana, watu wakajifanya hawasikii.

"Ukipanda mtumbwi ule," Swalehe alisema taratibu, "usije ukasema ni mimi niliyekuruhusu."

Hafsa alimfungua mtoto mgongoni, akaketi juu ya gogo la mwembe lililokuwa limetupwa na maji, akamnyonyesha hapo hapo mbele ya watu, kanga imewafunika. Yasmini alinyonya kwa pupa, kisha kwa kuchezea, kisha akasinzia. Hafsa alimnusa utosini. Alipomaliza alimkabidhi kwa baba yake, naye Swalehe akampokea, akamfunika kwa koti lake.

Huko kwenye matete mzee Mwinyimvua alikuwa amejaza mtumbwi. "Nafasi imekwisha," alisema Hafsa alipofika na sanduku lake kichwani. "Subiri. Nikirudi nitayatazama tena maji, na sikuahidi."

Muhidini alikuwa amekaa katikati ya mtumbwi, mikeka yake ameikumbatia. Alimtazama Hafsa, akamtazama Swalehe kule juu ukingoni na mtoto kifuani, akanyanyuka.

"Ingia, mwalimu. Mikeka haina darasa la kuwahi."

"Na wewe?"

"Nitapanda unaofuata. Mimi na mto huu tunajuana tangu sijaota ndevu."

Alishuka, maji yakamfika magotini, akashika sanduku la Hafsa na kuliweka mwenyewe pale mikeka yake ilipokuwa. Hafsa akaingia. Alimwambia asante, lakini aliisema kwa haraka, mawazo yake yako ukingoni, na baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka kama Muhidini aliisikia.

Walivuka. Mtumbwi ulisukumwa chini sana na mkondo, mzee akipiga kafi kimya, abiria mmoja akisoma dua kwa sauti. Hafsa hakugeuka nyuma. Aliogopa kwamba akigeuka atanyanyuka, na mzee alikuwa amewaonya wasinyanyuke.

Upande wa Ikwiriri alipata gari dogo lililompeleka mpaka Kibiti, akafika jioni kwa Zaitun, mwalimu mwenzake waliyesoma naye chuo cha ualimu. Zaitun alimpa maji ya moto. Huko bafuni, uani, Hafsa aliyakamua maziwa yake juu ya mchanga huku analia kimya kimya, akajiambia kwamba ni maumivu ya matiti tu.

Kulipokucha walikwenda stendi pamoja. Basi la Dar es Salaam lilikuwa moja tu, linaunguruma, sanduku la Hafsa limeshapandishwa juu. Watu walikuwa wanasema barabara ya mbele imeanza kukatika, na kwamba huenda hilo likawa basi la mwisho kwa wiki hiyo. Hapo hapo likaingia gari kutoka Ikwiriri, limejaa matope mpaka vioo. Walioteremka walikuwa wanaongea wote kwa pamoja.

"Mtumbwi umepinduka Ndundu, jana alasiri."

"Wa mzee Mwinyimvua?"

"Hapana. Yule mzee aliona maji yamebadilika, akagoma kuvusha tena. Kuna kijana mwingine akajitia ubingwa, akachukua waliobaki. Wengine wamejiokoa, mmoja ameonekana leo alfajiri amekufa. Na wanasema kulikuwa na mtu na mtoto mdogo."

Hafsa alimsogelea yule aliyesema. "Mtoto gani?"

"Sikumwona mimi, dada. Wanasema tu. Mwanamume na mtoto, anamfuata mkewe aliyetangulia."

Zaitun alimshika mkono. "Hafsa, nisikilize. Wanasema. Watu husema. Baba Yasmini si mtu wa kumpandisha mtoto kwenye mtumbwi ule, wewe mwenyewe umeniambia alitaka mrudi."

"Nilimwacha amekasirika. Mtu aliyekasirika hujui atafanya nini."

"Leo Alhamisi. Ukilikosa basi hili umekikosa chuo."

Utingo alikuwa ameshika mlango. "Dada, unapanda hupandi?"

Hafsa alilitazama basi. Alikuwa ameisubiri safari hiyo kwa miaka, na sasa ilikuwa mbele yake, mlango uko wazi. Akamwambia utingo amshushie sanduku. Utingo alinuna, akapanda juu, akalishusha kwa kulitupa, kona yake moja ikapasuka. Zaitun alilibeba kurudi nalo nyumbani, na Hafsa akapanda gari lile lile la matope lililokuwa linageuza kwenda Ikwiriri.

Njia nzima aliomba dua moja, akiirudia bila kuimaliza. Ndundu, upande huu wa Ikwiriri, alikuta kundi la watu penye matete, wanaume kwa wanawake. Chini kulikuwa na mtu amefunikwa mkeka. Hafsa hakuthubutu kusogea. Alimwona mwanamume mmoja amejifunga kanga, anatetemeka, anakunywa chai kwenye kopo, akajua ni mmoja wa waliookolewa.

"Kaka yangu," alimwambia, "kulikuwa na mtu na mtoto? Mtoto wa kike, mdogo, amefunikwa koti?"

"Yule wa Mohoro?" Yule mtu alishusha kopo. "Yule hakupanda. Alirudi na lori. Nilimwona kwa macho yangu, mtoto analia mpaka anapoteza sauti. Lori likaondoka, ndipo na sisi tukapanda."

"Alhamdulillahi!" Hafsa alisema kwa sauti kubwa. Alicheka. Alicheka kweli kweli, mkono kinywani, machozi yanamtoka. Kisha akaona watu wanamtazama, akaona haya, na macho yake yakaanguka kwenye mkeka. Aliujua usukaji ule, na mistari yake ya zambarau. Alikuwa ameulalia nusu ya safari, juu ya magunia ya mpunga.

Mzee mmoja aliinua ncha ya mkeka. "Kuna anayemjua huyu?" aliuliza, na ilionekana alikuwa amekwisha kuuliza mara nyingi.

Waliookoka walimjua kwa kumwona tu njiani. Wengine wote walikuwa watu wa upande huu.

"Anaitwa Muhidini," Hafsa alisema. "Wa Chumbi."

"Bin nani?"

"Sijui."

"Nduguze wako wapi?"

"Ng'ambo."

Wote wakageuka kuyatazama maji. Yalikuwa yanapita yamebeba migomba yake, hayana habari na mtu. Mzee Mwinyimvua mwenyewe alikuwepo, amechuchumaa, kafi iko magotini, na alitikisa kichwa. Siku ile hakuna aliyevuka.

"Basi, binti yangu," alisema yule mzee wa kwanza, "leo nduguye ni wewe."

Hafsa alitaka kusema kwamba ana safari. Maneno yalimfika mdomoni. Badala yake aliinama akaokota kofia iliyokuwa imetolewa majini pamoja na maiti, akaikamua.

Walimchukua mpaka Ikwiriri. Wanaume walimwosha, Hafsa akakaa na wanawake katika nyumba iliyo karibu na msikiti, wanawake asiowajua, na kila aliyeingia alimpa pole yeye, kama mfiwa. Mwanzoni alikuwa anataka kuwaeleza. Baadaye akaacha, akazipokea. Muhidini alizikwa baada ya swala ya alasiri. Mwenye nyumba, mama mmoja, alimwonyesha Hafsa mahali, kwa mbali, ili akienda ng'ambo aweze kusema.

"Lakini watajuaje sasa hivi?" mama yule aliuliza. "Mkewe si anajua mume yuko Dar es Salaam anauza mikeka?"

Ijumaa Hafsa alipata lori kutoka Kibiti, akiwa na sanduku lake lililopasuka. Walisukuma, walichimba, walikata matawi wakatandika chini ya matairi. Walipoingia Mbagala jua lilikuwa limekwisha kuinama. Muda uliobaki ulimtosha kufika mahali pamoja tu kabla watu hawajafunga ofisi. Aliwaza chuo. Aliwaza pia mwanamke mmoja Chumbi, ambaye hata jina lake hakulijua, anayepika, anayefua, anayehesabu siku za mumewe kurudi na mitumba.

Alikwenda redioni.

Karani wa matangazo ya vifo alikuwa anafunga droo. "Wewe ni nani wa marehemu?"

"Ndugu yake," Hafsa alisema.

Tangazo likaandikwa. Muhidini wa Chumbi, Rufiji, amefariki kwa ajali ya maji na amezikwa Ikwiriri. Habari ziwafikie mke, watoto na jamaa wote popote walipo. Karani alipouliza kama kuna mwingine wa kutajwa, Hafsa alifikiri kidogo.

"Zimfikie pia Swalehe, wa mashineni, Mohoro. Sema ni tangazo la Mwalimu Hafsa."

Chuoni alifika milango imefungwa, akalala kwa wifi yake Mbagala, akarudi Jumatatu. Ofisi ya kwanza ilimwambia amechelewa. Ya pili ilimwambia wenzake wa kusini wamefika mapema, yeye alikuwa wapi? Alijibu kwamba alikuwa na msiba, wakamuuliza ni wa nani, akashindwa kusema ni wa nani. Ofisi ya tatu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, amechoka, ambaye alimtazama matope yaliyokauka kwenye pindo la gauni lake, akasaini bila kuuliza. Chumba hakikuwepo tena. Mwenzake mmoja wa Sumbawanga alimbeba, kama wanafunzi walivyouita mtindo wa kulala wawili kitanda kimoja, na muhula wote Hafsa alilala ukingoni, mgongo umegusa ukuta.

Maziwa yalikauka kabla ya mwezi kwisha. Barabara ya kusini ilikatika, ikaunganishwa, ikakatika tena. Mtoto hakuletwa Mbagala. Dereva mmoja alileta salamu kwamba wote wazima, basi. Likizo ya kwanza ilipita Hafsa akiwa Dar es Salaam, anasoma, au amefungua kitabu.

Alirudi Juni, maji yameshuka na pantoni linavuka. Hakwenda moja kwa moja nyumbani. Aliteremka Chumbi, akauliza nyumba ya marehemu Muhidini.

Mjane wake, jina lake Sikujua, alikuwa mwanamke wa umri wa Hafsa mwenyewe, amekaa barazani anasuka mkeka. Hafsa alijitambulisha. Njiani alikuwa ametengeneza hadithi mbili, moja yenye ile nafasi ya mtumbwini na moja isiyokuwa nayo. Aliisimulia ile ya kweli.

Sikujua alisuka mpaka ukindu aliokuwa nao mkononi ukaisha.

"Nani alimwosha?"

Hafsa alimtajia.

"Yuko upande gani wa msikiti?"

Akamweleza.

"Alisema nini aliposhuka?"

"Alisema mikeka haina darasa la kuwahi."

Sikujua alicheka kidogo, na kicheko kikamgeukia. Alijifuta kwa kanga. "Ndiye huyo. Hata ungekataa angekupandisha kwa nguvu. Najua." Akachukua ukindu mwingine. "Nakushukuru kwa tangazo. Kumzika pia umemzika. Lakini la kusameheana usiniombe leo, mwalimu. Leo siwezi."

"Sikuombi," Hafsa alisema.

Aliachiwa akae mpaka lori lingine lilipopita.

Mohoro alimkuta Yasmini anatembea. Mtoto alimtazama mgeni mwenye sanduku, akakimbilia nyuma ya Bi Kijakazi na kuita, "Mama!" Hafsa alisimama pale pale uani.

"Usimfuate," Bi Kijakazi alisema, si kwa ubaya. "Kaa. Atakuja mwenyewe."

Swalehe alirudi kutoka mashineni, pumba zimemjaa kichwani. Walisalimiana kama watu waliotambulishwa majuzi. Walikula. Baada ya chakula alibaki mkekani, anaokota punje moja moja za wali zilizoanguka.

"Siku ile," alisema, "nilikuwa sijafika nyumbani nikasikia mtumbwi umepinduka. Hakuna aliyejua ni upi. Siku nzima na siku ya pili nilikuwa natembea tu. Ndipo redio ikasema jina la Muhidini. Halafu langu. Halafu lako." Aliokota punje nyingine. "Nikaruka, Hafsa. Mtu amekufa, mtu mwema, na mimi naruka uani kama mtoto. Mama akanishika."

"Na mimi nilicheka," Hafsa alisema. "Mbele ya maiti yake. Niliposikia nyinyi hamkupanda."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoni kwamba walikuwa wanasema jambo moja.

"Kinafunguliwa lini tena?" Swalehe aliuliza hatimaye.

"Septemba."

"Utarudi?"

"Nitarudi."

Swalehe alitikisa kichwa taratibu, na Hafsa hakujua kama ni kwa kukubali au kwa kuchoka. Pengine hata yeye mwenyewe Swalehe hakujua. Mezani kwa Bi Kijakazi, jikoni, kulikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa. Hafsa alichukua kimoja, akakimenya, akakiweka kwenye sahani mbele yake, akatazama pembeni. Baada ya muda alisikia miguu midogo. Mkono mdogo ukachukua kiazi sahanini, bila kumgusa, na mtoto akakimbia nacho kurudi kwa bibi yake.

Hafsa akamenya kingine.